Mwenzio amepandikizwa figo na amelazwa tena: kazi yako ni ipi

Mtu akishapandikizwa figo, jamaa wote hushusha pumzi. Mashine ya dayalisisi, ile ya kusafisha damu, imeagwa, maji anakunywa, mkojo unatoka. Halafu wiki ya tatu au mwezi wa pili mgonjwa analazwa tena, na kila anayempigia simu mkewe au mumewe ana swali moja: "Kwani figo imekataa?" Mara nyingi haijakataa. Mwaka wa kwanza, kulazwa tena ni sehemu ya matibabu yenyewe. Huenda vijidudu vimeingia kwenye mkojo, dawa imezidi au imepungua mwilini, kuhara kumemkausha maji, au kreatinini (taka ya mwilini ambayo figo huichuja, na huongezeka kwenye damu figo inapolegea) imepanda na madaktari wanataka kujua sababu mapema. Anayewahi hospitali kwa jambo dogo ndiye anayeilinda figo yake.

Kwa sisi wa Mombasa kuna ugumu wa ziada. Upasuaji wenyewe wengi wetu hufanyiwa mbali: Nairobi, Eldoret au India. Mkisharudi Pwani, hospitali itakayompokea usiku wa manane siyo ile iliyompandikiza. Faili liko kwingine, daktari aliyempasua yuko kwingine, na anayewapokea hapa anamwona mgonjwa kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana nasema mwenzi ndiye faili. Kumlisha, kumfuta jasho na kumpa moyo ni mambo ya maana sana, lakini dada, shangazi au rafiki anaweza kukushikia hayo. Kujua jana alikuwaje, na kulieleza hilo kwa dakika moja mbele ya daktari mgeni, hakuna wa kukushikia.

Anza na karatasi kabla hamjaondoka hospitali ya upasuaji. Omba ripoti ya kuruhusiwa na ripoti ya upasuaji, zote mbili, zikiwa na mhuri. Soma hapo hapo uone kama zina tarehe ya kupandikizwa, upande figo ilipowekwa (huwa ni chini ya tumbo, kulia au kushoto, na figo za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake), kundi la damu, dawa za kushusha kinga (zinazozuia mwili usiikatae figo) alizopewa siku za upasuaji, hali ya kirusi cha saitomegalo (kirusi kinachoweza kuamka kinga ikishushwa) kwa aliyetoa na aliyepokea, na kreatinini ya siku ya kuruhusiwa. Piga picha kila ukurasa, mtumie mtu mmoja wa familia unayemwamini, na nakala za karatasi zikae ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji.

Katika karatasi hizo kuna neno moja la kutafuta kwa kidole: stenti. Ni kibomba chembamba laini kinachowekwa ndani ya njia ya mkojo kati ya figo mpya na kibofu, ili mshono upone bila kuvuja. Hutolewa baada ya wiki chache, mara nyingi kati ya mbili na sita, kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo bila kupasua. Hatari ni kwamba haionekani kwa nje na mara nyingi haiumi. Aliyepandikizwa mbali akarudi nyumbani anaweza kukaa nayo miezi kwa sababu kila hospitali inadhani nyingine imeshaitoa. Ikikaa mno hufunikwa na ukoko wa chumvi kama mawe, mkojo unaziba, na maambukizi yanajirudia kila dawa inapokwisha. Andika tarehe ya kuitoa kwenye kalenda ya ukutani, na ikishatolewa omba iandikwe kuwa imetoka nzima.

Sasa kreatinini, maana hii ndiyo namba itakayoendesha maisha yenu. Mwili unapoanza kuikataa figo, mgonjwa mara nyingi hasikii maumivu wala hana dalili yoyote. Kinachoonyesha ni damu. Ndiyo sababu ya kupimwa mara mbili au tatu kwa wiki mwezi wa kwanza, kisha kila wiki, kisha kwa nafasi kubwa zaidi kadiri daktari anavyoridhika. Namba yenyewe haina maana mpaka uilinganishe na ya kawaida ya mtu huyo. Mgonjwa aliyetulia kwenye 110 akipanda hadi 140, amepanda zaidi ya robo. Daktari asiyemjua anaweza kuitazama 140 peke yake akaona si mbaya kwa mtu mwenye figo ya kupandikizwa. Wewe unayejua ya wiki iliyopita ndiye utakayesema, "Daktari, yake ni 110."

Na vipimo vyenyewe huchanganya watu. India wanaandika kwa miligramu kwa desilita, maabara nyingi za hapa huandika kwa mikromoli kwa lita. Ukitoka na karatasi inayosema 1.2, halafu maabara ya Mombasa ikakuandikia 106, moyo utakuruka bure: ni namba ile ile. Zidisha ya India kwa 88.4. Fanya hesabu hiyo siku mnayorudi, uiandike kwenye jalada la daftari.

Daftari liwe la karatasi, maana simu huzima chaji na si kila daktari atapenda kupekua picha zako. Kila asubuhi, akishakojoa na kabla hajala, mpime uzito kwa mizani ile ile na nguo nyepesi zile zile. Kisha joto, kisha presha kwa mashine ya mkono wa juu, akiwa ameketi na kutulia dakika tano. Usipime presha mkono wenye fistula (mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya dayalisisi), wala usimruhusu mtu kuchoma sindano hapo. Huenda mshipa huo ukahitajika tena siku moja. Wiki za mwanzo pima na mkojo wote kwa jagi la plastiki lenye alama za mililita, na maji anayokunywa. Kiwango cha maji atakipanga daktari, mara nyingi lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku. Kiangazi cha kaskazi, Januari hadi Machi, jasho peke yake linaweza kumkausha mtu hapa Pwani, kwa hivyo uliza mapema aongeze kiasi gani.

Uzito ukipanda kilo moja kwa siku moja, au kilo mbili kwa siku mbili tatu, hayo ni maji yanayobaki mwilini na si unene. Mkojo ukipungua ghafla, mguu wa upande wa figo ukivimba, mahali pa kidonda pakauma au pakawa pagumu, kojo likawa na damu, presha ikapanda kuliko kawaida yake: piga simu siku hiyo hiyo. Joto likifika nyuzi 38 mnaondoka nyumbani. Mgonjwa huyu anameza prednisoloni, dawa ya kushusha kinga ambayo hufunika homa, kwa hivyo hata 37.7 yenye kutetemeka usiipuuze. Usimpe Panadol kwanza halafu upime. Utakuwa umeifuta dalili ambayo daktari anaihitaji. Diklofenaki na Brufen zitoke kabisa katika kabati la nyumba, kwa sababu hupunguza damu inayoingia kwenye figo.

Dawa na saa yake

Wengi hutoka na dawa tatu za kushusha kinga: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Pembeni huwa na Septrin ya kukinga mapafu na mkojo, na pengine dawa ya kukinga kirusi cha saitomegalo kwa miezi mitatu hadi sita. Prednisoloni haiachwi ghafla hata siku moja, kwa kuwa mwili huwa umeacha kutengeneza yake. Takrolimasi ndiyo yenye njia nyembamba. Ikipungua, mwili unaikataa figo. Ikizidi, inaiumiza figo ile ile, mikono inatetemeka, sukari na potasiamu zinapanda.

Aina ya kawaida humezwa kila saa kumi na mbili. Chagueni saa mtakayoiweza maisha yote, kwa mfano saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na kengele ya simu ilie kwako na kwake. Iko pia aina ya mara moja kwa siku, na majina yake yanafanana: Prograf ni ya mara mbili, Advagraf ni ya mara moja. Kuzibadilisha bila kujua ni kosa kubwa. Vivyo hivyo duka la dawa likikupa ya kampuni nyingine kwa sababu ile mliyozoea imekwisha, usikubali mpaka daktari wa figo ajue na apange kupima damu upya.

Siku ya kupima kiwango cha takrolimasi, damu itolewe zikishapita saa kumi na mbili tangu dozi ya usiku na kabla ya dozi ya asubuhi. Dozi ya asubuhi ibebeni mfukoni, aimeze akishatolewa damu. Akiisahau akaimeza nyumbani, msinyamaze: waambieni maabara na daktari. Kiwango kitasoma juu kwa uongo, dozi itapunguzwa, na wiki mbili baadaye figo ndiyo italipa. Kama mnatoka Likoni au Ukunda, foleni ya feri ihesabuni ndani ya saa hizo. Mwenye gari ana njia ya Dongo Kundu. Ulizeni pia kama maabara inapima yenyewe au inasafirisha sampuli Nairobi, na majibu yatakuja siku gani. Sampuli yake ni damu nzima kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ukiona inawekwa kwenye chupa ya rangi nyingine, uliza kwa heshima kabla haijaondoka.

Uliza mapema, uandike majibu: akisahau dozi, mpaka saa ngapi anaweza kuimeza? Akitapika, baada ya dakika ngapi dozi inahesabika imeingia? Kila kituo kina kanuni yake, na saa nane za usiku si saa ya kuanza kuitafuta. Kumeza dozi mbili pamoja kufidia iliyopita, hapana.

Kuhara kunahitaji maelezo kidogo kwa sababu watu hukuchukulia wepesi. Kwanza humkausha maji, na figo mpya haivumilii ukavu. Pili, utumbo ulioharibika huiachia takrolimasi ipite kwa wingi zaidi kuingia kwenye damu, kwa hivyo dozi ile ile inageuka kuwa kubwa. Mambo mawili yanaipiga figo kwa pamoja. Akiharisha mara tatu au zaidi kwa siku, piga simu, na utarajie kipimo cha kreatinini na cha takrolimasi. Wakati mwingine kinachoharisha ni mikofenoleti yenyewe, lakini asiiache kwa uamuzi wake.

Matunda mawili ya kwetu yasiingie mdomoni: balungi na danzi. Yote mawili huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja takrolimasi, na dawa inapanda. Chungwa la kawaida halina neno. Kwa upande wa dawa, klarithromaisini, erithromaisini na flukonazoli huipandisha. Rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini na karbamazepini huishusha sana. Hizi ni dawa za kila siku katika zahanati zetu, kwa hivyo anayeandikiwa dawa yoyote mpya aseme kwanza: "Nimepandikizwa figo, natumia takrolimasi."

Miti shamba ni suala la kulizungumza na wazee kwa adabu na mapema, kabla bi mkubwa hajapika sufuria ya muarobaini kwa mapenzi yake. Sababu ni rahisi kueleza: dawa inayopandisha kinga inapigana na dawa inayoilinda figo, na nyingine hubadilisha kiwango cha takrolimasi bila mtu kujua. Habasoda nayo iulizwe kwa daktari kwanza. Anayetaka kumnywesha kombe (maandishi ya aya yaliyooshwa kwa maji) na alitengeneze kwa maji yaliyochemka na sahani safi.

Siku ya kulazwa

Mkoba uwe tayari nyuma ya mlango. Ndani yake weka nakala za karatasi, daftari, kitambulisho na kadi ya bima (hakikisha malipo ya SHA hayajasimama, mtu hugundua hilo dirishani), dawa zote za wiki mbili katika pakiti zake, kipimajoto, barakoa, sabuni, leso mbili, chaja, na chupa ya maji yaliyochemshwa. Vidonge vya takrolimasi visitolewe kwenye karatasi yake ya bati mapema, wala mkoba usiachwe ndani ya gari juani.

Kabla ya kutoka mpigie simu mratibu wa kituo cha upasuaji au daktari wa figo, na mkifika muombe daktari wa zamu azungumze naye. Maneno yako yawe mafupi. Mfano: "Mume wangu ana miaka 46, amepandikizwa figo wiki saba zilizopita. Homa 38.4 tangu magharibi, ametetemeka. Mkojo jana lita mbili, leo nusu lita. Uzito umepanda kilo moja na nusu. Kreatinini ya Jumatatu 112. Anameza takrolimasi, mikofenoleti, prednisoloni na Septrin. Dozi ya mwisho saa mbili usiku. Stenti bado imo." Daktari aliyeambiwa hivyo ana pa kuanzia. Ukianza na safari ya India na gharama zake, atakupoteza.

Sehemu ya dharura imejaa watu wanaokohoa. Avae barakoa, muombe mahali pa pembeni. Figo mpya haina neva zake za zamani, kwa hivyo maambukizi yanaweza kuwa makali bila yale maumivu ya kiuno tuliyozoea; mwambie daktari hivyo ikiwa anasita kwa sababu mgonjwa "haumwi." Antibayotiki ikiandikwa, uliza swali moja: "Hii inapatana na figo na takrolimasi?" Jentamaisini, kwa mfano, hutumika sana na inaweza kuumiza figo, huenda ikahitajika, lakini iamuliwe na anayejua. Vivyo hivyo dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha ya CT.

Wodini, hatari niionayo kubwa kuliko zote ni ya saa. Wodi nyingi zina saa zake za kugawa dawa, nanyi mna zenu. Pia famasia ya wodi huenda haina takrolimasi kabisa. Kwa hivyo mnapofika tu, kaa na sista mkuu mkubaliane mambo mawili, na yaandikwe kwenye chati: dawa za kushusha kinga zitatolewa saa ngapi, na nani atazitoa. Zikiachwa nusu nusu, mke anampa kutoka mkobani saa mbili, sista wa zamu anampa nyingine saa nne, na mgonjwa amemeza mara mbili. Au kila mmoja anadhani mwenziwe ametoa. Weka alama daftarini kila kidonge kinapomezwa mbele ya macho yako. Akiambiwa asile kitu kwa ajili ya kipimo, uliza waziwazi kama dawa za figo anameza na funda la maji. Watu hulala njaa na bila dawa pamoja, kwa kutouliza tu.

Kreatinini ikipanda bila sababu ya wazi, wanaweza kutaka kutoa kipande kidogo cha figo kwa sindano. Kabla yake ulizeni kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini. Baada yake atalala chali saa kadhaa, na kazi yako ni kutazama rangi ya kila mkojo: wekundu kidogo hutokea, lakini madonge ya damu, tumbo kuuma au mkojo kusimama ni jambo la kumwita sista hapo hapo. Ikithibitika mwili unakataa, mara nyingi hupewa methiliprednisoloni kwa dripu, miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku, siku tatu. Kwa siku hizo jitayarishe na mtu mwingine. Halali, anaongea mno au anakasirika kwa kijiko kilichoanguka, sukari inaruka. Si tabia yake iliyobadilika, wala hakuchoki wewe, ni dawa. Usijibizane naye, lakini usilifiche. Daktari anaweza kuhamishia dozi asubuhi au kumpa kitu cha kumtuliza, na akianza kuona au kusikia yasiyokuwapo ni lazima aambiwe mara moja.

Chakula cha nyumbani ni faraja, na chakula cha Pwani ni kitamu, ila kina mitego yake. Kipikwe siku hiyo, kifike kikiwa moto, kiliwe ndani ya saa mbili. Kilichobaki kisirudishwe moto kesho, hasa wali. Samaki aive mpaka mfupani. Chaza mbichi, mayai yenye ute, maziwa mabichi, mishkaki yenye wekundu, juisi ya miwa ya barabarani na kachumbari ya kibandani viachwe. Madafu nayo, ambayo kila mgeni atakuja nayo akidhani ndiyo dawa ya figo, yana potasiamu nyingi, na takrolimasi pamoja na Septrin tayari zinaipandisha. Potasiamu ikizidi hugusa mapigo ya moyo. Mpaka damu ipimwe na daktari aruhusu, shukuru, wape wauguzi. Ndizi, parachichi na ukwaju viende kwa kipimo hicho hicho. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai kwa mtu mwenye presha hata yakichemshwa, kwa sababu moto hauondoi chumvi.

Halafu wageni. Kwetu mgonjwa huzuriwa, na kumzuia mtu mlangoni ni kazi ngumu kwa mwenye nyumba. Mpe kaka au mjomba jukumu hilo, si wewe. Wawili kwa wakati, dakika chache, mikono imeoshwa, hakuna kubusu mkono wala shavu, na mwenye mafua atume salamu kwa simu. Wanaotaka kusaidia wape kazi: mmoja achukue watoto shuleni, mwingine alale wodini usiku wa Jumamosi, mwingine apange foleni ya bima. Mtoto mwenye tetekuwanga akiwa amemkaribia, piga simu siku hiyo hiyo hata kama mgonjwa hana kipele, kwani kinga yake ina muda mfupi wa kutolewa. Mgonjwa mwenyewe hachanjwi chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano au surua. Na kampeni ya matone ya polio ikipita mtaani, muulizeni daktari kabla watoto wa nyumba hiyo hawajapewa, maana matone ni chanjo hai na hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa.

Mbu tusiwasahau. Neti ni ya usiku kwa sababu ya malaria, lakini mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, na Mombasa imeshapata milipuko ya yote mawili: dengi mwaka 2013, chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Mitungi ya maji ifunikwe. Akipata homa apimwe malaria, lakini malaria isipoonekana msirudi nyumbani mkaridhika. Utafutaji unaanza hapo.

Ramadhani ikikaribia, zungumzeni na daktari wiki kadhaa kabla. Kati ya kufuturu na daku kwetu ni kama saa kumi tu, kwa hivyo dozi mbili za takrolimasi haziwezi kuachana saa kumi na mbili. Mwaka wa kwanza madaktari wengi hawaruhusu kufunga. Sheikh mkimweleza hali hiyo atawaongoza kuhusu fidia.

Na ndani ya nyumba yenu wawili: tendo la ndoa husubiri kidonda kipone, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na kubeba kizito zaidi ya kilo tano husubiri kama wiki nane. Ikiwa aliyepandikizwa ni mke, jueni hedhi iliyopotea wakati wa dayalisisi inaweza kurudi ndani ya miezi michache, na mimba ikaingia bila kutarajiwa. Mikofenoleti huharibu mimba. Njia ya uzazi wa mpango ichaguliwe kabla hajatoka hospitali, na anayetaka mtoto hushauriwa asubiri angalau mwaka mmoja, kisha dawa ibadilishwe wiki sita au zaidi kabla ya kujaribu.

Siku ya kuruhusiwa kila mmoja ana haraka ya kuona bahari. Kaa dakika ishirini zaidi. Weka orodha mpya ya dawa kando ya ile ya zamani, kidonge kwa kidonge: kipi kimeongezwa, kipi kimesimamishwa, kipi dozi imebadilika na mpaka lini. Uliza kreatinini ya leo, kipimo kijacho ni siku gani, nani atayapokea majibu, na namba ya kupiga usiku. Pakiti za dawa zilizosimamishwa ziondoke nyumbani.

Na kama figo ile ilitoka kwako wewe mwenyewe, kuna wagonjwa wawili katika nyumba hiyo, na mmoja wao anajifanya mzima. Kwa wiki sita usibebe mtungi wa maji, usimwinue kitandani, usilale kwenye benchi la wodi. Tafuta mtu wa tatu kabla ya upasuaji, si baada. Diklofenaki na Brufen ni marufuku kwako pia. Kila mwaka pima presha, kreatinini na protini ya mkojo, na uyaandike majibu yako kwenye kurasa za nyuma za daftari lile lile.